Mlio Chini ya Marumaru

Bomba lilianza kugonga wiki moja kamili kabla ya posa, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa paka. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mgao, na Esther alikuwa jikoni anajaza madumu. Alipofunga koki akasikia ko, ko, ko chini ya sebule, taratibu, mfano wa mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akachukua ufagio, akamtoa paka nyuma ya kochi. Paka akaenda zake na mlio ukabaki.

Mumewe, Vitalis, alisema ni upepo. Hapa Newala, kila kinachosikika kwenye bomba ni upepo. Maji yakikaa siku tatu bila kuja, siku yakija hutanguliwa na upepo: bomba linakohoa, linatema, mita inazunguka, na wewe umesimama na ndoo yako tupu unasubiri. Kwa hiyo Vitalis hakusema ujinga. Kosa lake ni kwamba alisema akaridhika.

Na alikuwa na sababu ya kutaka kuridhika. Jumamosi iliyokuwa inakuja, watu wa Chilangala wangekuja kumposa Flora, binti yake mkubwa, na mazungumzo yangefanyika sebuleni, juu ya marumaru alizotandika mwezi uliopita. Korosho za msimu mzima ziliishia kwenye sakafu ile. Nyumba yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, mzee Christopher. Vitalis aliingia humo miaka kumi na tisa iliyopita ili mama mkwe, Bibiana, asibaki peke yake. Tangu siku hiyo watu wakimwelekeza mgeni husema, "nenda kwa mzee Christopher." Hakuna aliyewahi kusema "kwa Vitalis." Marumaru zilikuwa jibu lake kwao wote, na alikuwa akiingia sebuleni anavua viatu mlangoni, yeye mwenyewe, baba mwenye nyumba.

"Wageni wakisikia nyumba inagonga, watasema nini?" aliuliza.

Esther akasema watasema ina bomba bovu, basi litengenezwe. Vitalis hakupenda jibu hilo, lakini Jumatano, maji yaliporudi na mlio ukarudi nao kwa nguvu zaidi, hata yeye akakubali litazamwe. Jirani yao Agnes akasema yupo fundi mmoja wa Masasi anafunga mabomba kwenye nyumba ya wageni pale karibu na soko, mtu mtaratibu, anaitwa Mujibu. Aitwe.

*

Mujibu alikuja mchana na begi la turubai na kipande cha nondo cha urefu wa mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, asiye na haraka. Alimpa Bibiana shikamoo pale kwenye mkeka wake karibu na mlango wa chumba, akaitikiwa, kisha akaomba kitu ambacho mafundi wengi hawaombi. Aliomba watu wanyamaze.

Akaenda jikoni, akafungua koki mpaka mwisho, akaifunga kwa ghafla. Ko, ko, ko. Akafungua tena, akaifunga polepole, na mlio haukuja. Akamweleza Esther kwamba maji yakienda mbio halafu ukayazuia ghafla, yanajigonga, na bomba likiwa halijashikwa sawasawa linacheza. Hilo ni jambo dogo. Akabadilisha mpira wa koki uliokuwa umechakaa. Akafungua koki ya uani na kuacha upepo utoke mpaka maji yakaja meupe, kisha safi. Akakaza vishikizo vya bomba ukutani. Vitalis, aliyekuwa amesimama na mikono kiunoni, akaanza kutabasamu.

Mujibu akarudia kujaribu. Ukutani kimya, jikoni kimya. Chini ya sebule, ko, ko, ko.

Akauliza bomba linapita wapi. Vitalis akamwonyesha: linatoka kwenye mita barabarani, linaingia chini ya sebule, linatokea jikoni. Alilifukia mzee Christopher mwenyewe, maji ya bomba yalipofika mtaani. Mujibu akafunga koki zote za nyumba, moja baada ya nyingine, akaenda kuchuchumaa kwenye mita. Alikaa pale muda mrefu. Kijigurudumu chekundu ndani ya kioo kilikuwa kinazunguka, si kwa kasi, lakini kinazunguka.

"Upepo," alisema Vitalis.

"Upepo ulishatoka, Baba Flora. Umeuona ukitoka. Hayo ni maji, na yanakwenda mahali."

Akarudi sebuleni, akavua viatu bila kuambiwa, na Vitalis akampenda kidogo kwa hilo. Akaweka ncha ya nondo juu ya marumaru na ncha nyingine sikioni. Akasogea hatua moja, akasikiliza, akasogea tena. Halafu akageuza nyundo yake na kugonga sakafu kwa mpini, polepole, kuanzia mlangoni. Mlangoni ilitoa sauti fupi, ngumu. Karibu na kochi, ngumu. Alipofika katikati, pale palipowekwa meza ya kioo, sauti ikabadilika. Ikawa nene, ikakawia kuisha. Hata Flora, aliyekuwa anachambua mchele uani, aliinua kichwa.

Mujibu hakugonga tena. Alirudi kinyumenyume mpaka ukutani, akawaeleza akiwa amesimama pale pale. Bomba linagonga kwa sababu limening'inia. Udongo uliolibeba umeondoka. Kuna kiungo kinavuja, maji yanaukokota mchanga, na mchanga haupotei hivi hivi, lazima uwe na pa kwenda.

"Hapa chini palikuwa na nini?" aliuliza.

Vitalis akasema hapakuwa na kitu. Esther akasema alipokuwa mdogo kulikuwa na kisima cha kuvunia mvua mahali fulani humu, lakini kilifukiwa zamani, yeye akiwa shule Masasi. Akamgeukia mama yake. "Mama, fundi anauliza. Kisima cha baba kilikuwa wapi?"

Bibiana aliangalia vidole vyake. "Hapo palikuwa uwanja," alisema. "Mwambie mumeo, palikuwa uwanja."

*

Alidanganya, na nitasema kwa nini, maana si mwanamke mwongo.

Kisima kilikuwepo, na kilikuwa hapo hapo. Walikichimba yeye na mumewe viangazi viwili mfululizo, mume chini na sururu, yeye juu akivuta udongo kwa kamba, mimba ya Esther tumboni. Huku juu kwetu mtu aliyewahi kuteremka bondeni usiku wa manane kufuata ndoo moja ya maji hawezi kukichezea kisima. Maji ya bomba yalipokuja na mzee Christopher akataka kuongeza sebule, majirani walimwambia akifukie. Akakataa. Alisema, "Kisima hakizikwi, anayezikwa ni mtu." Akapanga magogo juu ya mdomo, akalaza mabati, akamwaga udongo, akapiga sakafu ya saruji, akawaambia watu kwamba amefukia. Ni mkewe tu aliyejua. Siku bomba litakapotusaliti, alimwambia, mtavunja sakafu na mtanikumbuka. Usimwambie mtu, watatupangia foleni humu ndani.

Kwa hiyo Bibiana aliposikia maji yakidondoka chini ya sakafu, hakuogopa. Alifurahi. Majuma mawili alikuwa akilala na sikio kwenye mkeka akisikiliza kisima cha mumewe kikijaa chenyewe, na mwezi ule wa Oktoba, mvua ziko mbali, madumu yamepangwa barabarani, alihesabu kuwa ni neema. Angewaambia baada ya harusi. Ingekuwa zawadi yake.

Na hata kama angetaka kusema siku ile, angemwambiaje Vitalis? Mkwe ni mkwe. Miaka kumi na tisa walikuwa wamekaa chini ya bati moja, na maneno yao ya ana kwa ana yalikuwa shikamoo ya asubuhi na marahaba yake. Yaliyobaki yote yalipita kwa Esther: mwambie mumeo, mwambie mama yako. Bibiana alikula chumbani kwake ili mkwewe asimwone akitafuna. Vitalis naye, hilo nampa haki yake, hakuwahi hata mara moja kumwamkia mama mkwe, wala kumjibu kupitia kwa Esther, akiwa ameketi. Hata akiwa mgonjwa wa malaria alisimama, akashika ukuta, akaamkia. Mtaani walimsifu kwa hilo na kwa hilo tu.

Mujibu alimtazama bibi kizee kwa muda, kisha akamgeukia Vitalis. Alitaka mambo mawili. Koki kuu ya barabarani ifungwe leo hii, na marumaru nne za katikati zing'olewe atazame chini. Kama hawataki kung'oa, basi wageni wa Jumamosi wakae uani.

Hapo ndipo Vitalis alipobadilika. Alisema anawajua mafundi. Unamwita kwa mpira wa koki, anataka kubomoa nyumba. Alisema nyie watu wa Masasi mmezoea kukanyaga udongo, mkiona tailizi mnawashwa. Yalikuwa maneno ya utani, lakini uso haukuwa wa utani. Akampa hela ya mpira wa koki, zile zile, bila hata ya soda.

Mujibu alipokea kwa mikono miwili. Mlangoni, akivaa viatu, alimwambia Esther kwa sauti ya chini, "Mama Flora, likigonga, bado kuna kinacholishika. Siku likinyamaza na maji yanakuja, usiulize. Toa watu."

*

Alhamisi na Ijumaa bomba lilikuwa kavu na nyumba ikawa kimya. Esther alideki sakafu kwa kitambaa kibichi, na katikati, chini ya meza ya kioo, kitambaa kikakwama. Marumaru moja ilikuwa imeshuka, unene wa sarafu tu. Alimwita mumewe. Vitalis akapiga magoti, akapitisha kidole. Halafu akainuka, akaenda chumbani, akaleta zulia, akalitandika juu yake.

"Wakishaondoka," alisema. "Jumapili nitamwita fundi. Mama Flora, siku moja tu. Siku moja nipokee watu kwenye nyumba yangu."

Esther angeweza kubishana, na nadhani alipaswa. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto anaijua, labda ndiyo maana hakuna mkubwa anayeisikia. Lakini alikuwa ameishi na aibu ya mumewe muda mrefu, aliujua uzito wake, akamhurumia. Alifanya alichoweza. Jumamosi alfajiri alitoka peke yake mpaka barabarani, akaifunga koki kuu.

Saa tatu akina mama walikuwa uani na masufuria, na madumu yakaisha. Agnes akapaza sauti kwamba mtaa mzima una maji isipokuwa hapa. Vitalis, ameshavaa koti, akatoka barabarani, akaikuta koki imefungwa. Hakumuuliza mtu. Aliifungua yote.

*

Walikuja watu tisa kutoka Chilangala. Aliyewaongoza alikuwa mzee Fortunatus, mjomba wa Felix, yule kijana muoaji, na nyuma yao wanawake wawili na vitenge vilivyofungwa ndani ya kanga. Walivua viatu mlangoni. Mzee Fortunatus alizitazama marumaru, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba Flora, umejenga."

Umejenga. Vitalis aliinamisha kichwa, akawaonyesha makochi.

Wakakaa wote sebuleni, watu kumi na wanne ukihesabu na wenyeji, magoti yakigusana. Flora alikuwa chumbani na rafiki zake. Bibiana aliletewa kiti karibu na mlango wa uani, kwa sababu katika ukoo ule posa haifungwi mpaka bibi mzaa mama aseme, "nimepokea." Akisema hivyo, vigelegele. Akiinuka kabla ya kusema, wageni wanabeba mzigo wao na hawaulizi.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kila baada ya muda, jikoni mtu akifunga koki, ko, ko, ko. Mara ya kwanza wageni walitazamana. Mara ya pili mzee Fortunatus alisema huenda kuna mwenzao wa Chilangala amechelewa, afunguliwe. Wakacheka, na Vitalis akacheka zaidi yao. Esther hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni akisubiri kila mlio, na kila ulipokuja alishusha pumzi.

Kisha mlio ukakatika. Ulikuwa katikati ya ko ya pili, ukakatika. Jikoni Agnes akasema, "Ee, maji yameondoka." Vitalis akasikia kimya kile, mabega yake yakashuka kwa raha, akamnong'oneza mkewe kwamba unaona, limekwisha lenyewe.

Bibiana alisikia kitu kingine. Chini, mbali kidogo, maji yalikuwa yanamwagika kwa sauti nzito, ile sauti aliyoijua kuliko sauti ya watoto wake, ya mvua kubwa ya kwanza ikiingia kisimani. Nje jua lilikuwa linawaka. Halafu akasikia gogo. Aliyesaidia kuyabeba magogo yale anaijua sauti yake, na lile lilikuwa linaachia. Akamtazama mzee Fortunatus, kochi lake, zulia chini ya miguu yake. Neema yote aliyoihesabu ikamtoka.

Mzee Fortunatus alikuwa anamgeukia. "Bibi yetu, limebaki neno lako."

Bibiana akainuka.

"Tokeni nje," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Akatangulia yeye mwenyewe. Esther alikuwa ameshaelewa: bomba limenyamaza, na barabarani maji bado yanakuja. Hakuuliza, kama alivyoagizwa. Alimshika mwanamke wa kwanza mkono akamvuta, akaingia chumbani akawatoa Flora na wenzake kwa mlango wa nyuma. Wageni walisimama polepole, kwa heshima, nyuso zimefungwa. Mzee Fortunatus alichukua fimbo yake. Alimwambia Vitalis kwamba hakuna ubaya, wamesikia, wangeambiwa mapema tu wasingesumbuka. Waliondoka na kanga yao na vitenge vyao, viatu mkononi, na huko uani Flora akaanza kulia kwa sauti.

*

Sakafu haikuanguka. Hilo ndilo lililomtia Vitalis wazimu. Aliwatazama wageni wakikatiza uwanja kuelekea barabarani, akaitazama sebule, nzima, nyeupe, vikombe vya chai bado vina mvuke. Akarudi ndani, amevaa viatu. Akavuta kiti cha mbao, akakiweka katikati ya zulia, akakaa.

"Nipo hapa," alisema. "Nitakaa hapa mpaka jioni. Mwambie mama yako. Mwambie amenifukuzia wakwe kwenye nyumba hii, sawa, nyumba ni yake. Lakini sakafu ni yangu, na mimi nimeikalia."

Esther alimwita kutoka mlangoni. Alimwita Baba Flora, akamwita kwa jina, akaweka mguu mmoja ndani. Vitalis akamwambia asiingie, abaki huko huko na mama yake. Kioo cha meza kilianza kulia, mlio mwembamba, bila kuguswa.

Bibiana alimsogeza binti yake pembeni. Alisimama kwenye kizingiti, mwanamke mdogo, kanga imemteleza begani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakusema mwambie.

"Vitalis."

Vitalis aliinua uso.

"Vitalis mwanangu, kipo kisima chini yako. Nilikichimba mimi na baba yenu. Hakikufukiwa. Nilijua, nikakuficha. Nisamehe, baba. Inuka uje."

Kama angekuwa Esther anasema, angebaki pale. Kama angekuwa mzee Fortunatus, angebaki na kumtukana. Lakini mama mkwe alikuwa amemsemesha, na miguu yake ilijua la kufanya kabla yeye hajajua. Mkwe hajibiwi umekaa. Vitalis alisimama. Na kwa kuwa pia mkwe hajibiwi kwa mbali, kwa sauti ya kupazwa, alitembea hatua nne mpaka mlangoni ili amjibu vizuri.

Nyuma yake kiti kilizama. Hakikupiga kelele. Zulia lilikifuata, likiingia katikati yake taratibu, na meza ya kioo ikafuata zulia, halafu sakafu yote ya katikati ikaenda kwa mkupuo, na upepo baridi wenye harufu ya udongo wa zamani ukawapiga usoni. Maji yalisikika papo hapo. Kisima kilikuwa kimejaa karibu mpaka juu. Katika tundu lile bomba lilining'inia, limevunjika, linatapika maji.

Barabarani watu wa Chilangala walikuwa wamesimama, wamegeuka. Mzee Fortunatus alikuwa ameweka fimbo chini. Hakuna aliyesogea kwenda mbele wala nyuma.

Vitalis alishika fremu ya mlango. Alimtazama mama mkwe, kwa karibu kuliko alivyowahi kumtazama, akaona kwamba analia. Alitafuta neno. Miaka yote ile walikuwa na moja tu, na kwa siku ile alikuwa ameshalitumia asubuhi.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yao marumaru ziliendelea kudondoka, moja moja.